Ua la Waridi kwenye Kiraka cha Mwalimu Sechelela

Mpaka leo nikipita karibu na ule ukumbi wa Miyuji naangalia upande wa pili wa barabara, nikiogopa mlinzi wa pale asije akanikumbuka. Mkasa huu nimeshawasimulia watu wawili tu, na wote walicheka mpaka wakashika mbavu, kwa hiyo na ninyi chekeni, ila mjue kwamba siku ile mimi sikucheka hata kidogo, siku ile jasho lilinitoka mpaka kwenye viganja na nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea mtaa wa Kikuyu, barazani kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba, na sifa yangu ni moja: kazi yangu haina uzi unaoning'inia. (Naweza kumfuata mtu mpaka msibani nikamkata uzi kwenye pindo la kanzu. Nimeshafanya hivyo, tena mwenyewe alikuwa katikati ya kusalimiana na shehe.) Watu wananisifia kwa hilo, na hilo hilo ndilo lililoniponza.

Mdogo wangu Rukia anatumia kiti mwendo tangu utotoni, na ni katibu wa kikundi cha watu wenye ulemavu hapa mjini. Wakakubaliana watengeneze shuka kubwa la viraka, la kukumbuka walikotoka katika kudai haki zao, kila mwanachama ashone kiraka chake kwa mkono wake, kieleze jambo moja alilolipigania, kisha viraka vyote viunganishwe na shuka lizinduliwe ukumbini mbele ya wageni. Kazi ya kuunganisha wakanipa mimi. Rukia akaniletea viraka kwenye mfuko wa sandarusi na kuniambia, "Dada Zai, wewe unganisha tu. Ndani ya kiraka cha mtu usiingie."

Nikamwambia sawa. Nilisema sawa huku jicho langu limeshaona kimoja ambacho mshono wake umepinda.

Vilikuwa viraka vya kila namna, na vingine nilivitazama mpaka machozi yakanilengalenga: kuna aliyeshona ngazi za ofisi na pembeni yake njia ya mteremko, kuna aliyeshona viganja viwili vinavyoongea lugha ya alama, kuna mama mwenye ualbino aliyejishona na kofia pana yuko mbele ya darasa. Halafu kikaja cha Mwalimu Sechelela. Huyu ni mwalimu mstaafu, haoni, anaishi Buigiri, na kikundi kizima kinamheshimu kama mama yao. Kiraka chake kilikuwa cha kaki, uzi nao wa kaki, hakuna picha wala rangi, ni mafundo tu, mafundo madogo madogo kama punje za ulezi, yamejaa safu kwa safu.

Nikakigeuza. Upande wa pili hauna mafundo, umelala vizuri. Nikajisemea, maskini, ameshonea kinyume, mafundo yamebaki juu na yeye hakuona. (Hilo "maskini" ndilo linaloniuma kuliko yote. Sikulisema kwa sauti, lakini nililisema.) Nukta nundu, yale maandishi ya wasioona, nilikuwa nazijua, nilishaziona kwenye zile karatasi zao ngumu, ila haikunijia kabisa akilini kwamba mtu anaweza kuandika kwa uzi. Basi nikachukua mkasi wangu mdogo, alasiri ile nikakata fundo moja, nikakata la pili, mkono ukanogewa, nikavuta nyuzi, nikapiga pasi, mpaka kiraka kikabaki kitupu kama hakijawahi kuguswa na sindano. Hapo ningeacha ingekuwa nafuu. Lakini nikaona huruma kwamba chake peke yake kitakuwa kitupu mbele ya wageni, nikatoa uzi mwekundu na wa kijani, nikamtarizia ua la waridi na majani yake mawili. Lilikuwa ua zuri, sitawadanganya.

Siku ya uzinduzi nikalipeleka shuka mwenyewe asubuhi, nimelikunja na kulifunga ndani ya shuka jingine lisishike vumbi. Rukia alikuwa jukwaani na karatasi yake ya ratiba, anajisomea kwa sauti ili asijikwae mbele za watu: sala, utambulisho, hotuba ya mgeni rasmi, halafu Mwalimu Sechelela anakuja mbele na kusoma kiraka chake kwa vidole.

Nikamwuliza anasoma nini.

"Yale mafundo, dada. Ni nukta nundu," akasema bila hata kuniangalia. "Zimemchukua miezi. Hata mimi sijui ameandika nini, alisema tutasikia siku yenyewe."

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa karibu. Rukia akaendelea kunieleza, raha imemjaa, kwamba zamani Mwalimu akienda kupiga kura ilibidi mtu mwingine amwekee alama kwenye karatasi, na yeye hana njia ya kujua imewekwa wapi, na kwamba yeye na mwalimu mwenzake, marehemu Yoeli, walizunguka ofisi kwa ofisi kuomba kifaa chenye nukta nundu ili kila mtu apige kura yake mwenyewe. Yoeli alifariki kabla hajakishika. Kiraka kile kilikuwa ujumbe wa Mwalimu kwa Yoeli, na ndicho kilele cha shughuli yote.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifungua mdomo kabisa, nikamwona Rukia na gauni lake jipya nililomshonea mwenyewe, nikaufunga. Badala yake akili yangu ikaniletea ujanja, na ujanja wenyewe ulikuwa huu: shuka litundikwe juu. Likiwa juu mikono ya Mwalimu haitalifikia, watasema basi, atuambie kwa mdomo, mimi nitamwahi baadaye nimwombe radhi faraghani. Rukia alipotoka kwenda kupokea wageni, nikawaambia vijana wa ukumbi walete ngazi. Wakapigilia misumari, nikawaambia bado, pandisheni, wa nyuma hawataona, pandisheni tena, mpaka shuka likakaribia feni.

Watu wakaanza kuingia. Mwalimu Sechelela akaja na fimbo yake nyeupe, amefunga kilemba, anasalimia kila sauti anayoijua kwa jina lake. Nikamwamkia, "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi Zaituni? Nipe mkono." Akanishika viganja vyote viwili. "Jasho lote hili la nini? Kazi si umeshaimaliza?"

Nikasema ni joto. Akacheka, akaenda kukaa mstari wa mbele, na mimi nikajibanza nyuma karibu na mlango nikaanza kuomba dua. Niliomba mgeni rasmi apate dharura, akafika mapema. Nikaomba umeme ukatike, halafu nikakumbuka kwamba mtu anayesoma kwa vidole umeme haumhusu. Kila watu wakipiga makofi nachungulia jukwaani, kila Rukia akitaja kipengele cha ratiba nahesabu vimebaki vingapi.

Zamu ikafika. Mwalimu akasimama, akafuata sauti ya Rukia mpaka ukutani, akanyoosha mkono. Akagusa plasta tupu. Akapapasa kulia, akapapasa kushoto, akanyoosha mkono juu mpaka kilemba kikalegea, na ukumbi mzima unamtazama mama wa watu anapapasa ukuta. Rukia akageuza kiti chake, akainua uso juu. Hakuwa na haja ya kuuliza ni nani aliyelitundika.

Akasema, na kipaza sauti kiko mkononi, "Dada, umetundika kitu chetu mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu anayeweza kukigusa."

Watu wakageuka. Vijana wakakimbilia ngazi, mmoja akafungua kona ya kushoto kabla mwenzake hajafika ya kulia, misumari ikang'oka, na shuka lote likaporomoka likamfunika mgeni rasmi pamoja na chupa zake za maji. Wakamtoa, kofia imegeukia nyuma, anasema hakuna shida, hakuna shida. Shuka likatandazwa mezani. Mwalimu akaanza kuvihesabu viraka kwa vidole, polepole, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na vidole vyake vikafika kwenye ua langu.

Vikalizunguka mara moja. Vikarudi, vikapita kwenye majani, vikatafuta pembeni, vikatafuta chini.

"Hiki si changu," akasema.

Rukia akasogea akatazama, akaona ni kaki, akaona ua, halafu akanitafuta kwa macho mpaka akanipata pale mlangoni. Na mgeni rasmi, mtu mwema ambaye hajui lolote na maji bado yanamtiririka begani, akaona labda kimya kile ni cha hisia, akasema kwa kweli ua hili limependeza sana, akapiga makofi. Na ukumbi wote ukapiga makofi. Ua langu likapigiwa makofi na Mwalimu amesimama katikati yake, kidole bado kiko kwenye kitambaa anatafuta maneno yake.

Nikasema, "Ni mimi." Makofi yakaifunika sauti yangu. Nikasema tena, na mtu mmoja akadhani nataka kutoa neno la shukrani, akanipa kipaza sauti, kwa hiyo niliyoyasema yalisikika mpaka kwenye maegesho ya magari: kwamba nilidhani ni mafundo yaliyosahaulika, kwamba niliyakata, kwamba ua nililitarizi mimi kwa kumwonea huruma.

Mwalimu Sechelela alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu tu, "Kura yangu niliandikiwa na watu miaka mingi, na wote walikuwa na huruma kama yako. Leo umeniandikia na kiraka."

Rukia akamwomba atuambie kwa mdomo kilichokuwa kimeandikwa. Akakataa. Alisema alikiandika kisomwe, na kama angetaka kusimulia asingejichoma vidole miezi yote ile. Akarudi kwenye kiti chake akakaa. Nililia palepale na kipaza sauti mkononi, na kilio hicho nacho kilisikika kwenye maegesho.

Rukia alikaa siku tatu haongei nami, ananipa chumvi mezani kama anampa mgeni. Jumamosi nikajipeleka Buigiri na kibunda cha uzi wa kaki, nimejiandaa kufukuzwa. Mwalimu hakunifukuza. Alinikalisha akaanza kunifundisha nukta nundu kuanzia herufi ya kwanza, na nikawa naenda kila Jumamosi, macho nimefumba, kidole kinanikataa kabisa. Niliomba nilifumue lile ua kwanza, akasema hapana. "Liache palepale. Shuka ni la kukumbuka yaliyotupata, na hilo limetupata." Akawa ananitajia maneno, mimi nafunga mafundo kulizunguka ua, yeye anapitisha kidole, na pakiwa na kosa ananyoosha mkono nimpe mkasi, mkasi wangu mwenyewe, analikata fundo langu bila huruma yoyote.

Siku hizi uzi ukining'inia kwenye nguo ya mtu namwuliza kwanza kama ana kazi nao. Wateja wananishangaa, na mkono unaniwasha kwelikweli, lakini nimeapa.

Shuka sasa liko kwenye ofisi ya kikundi, limetundikwa usawa wa mtu aliyekaa. Wageni wakiuliza zile nundu kwenye ua zinasemaje, Rukia hawajibu, ananipigia simu niende, anasema fundi mwenyewe ndiye msomaji. Naacha cherehani yangu naenda. Nafumba macho, naweka kidole, na mbele ya watu nasoma kwa sauti: "Yoeli, kura yangu nimeipiga kwa mkono wangu. Ua hili sikuliomba."