Ameanguka Shimoni Miaka Kumi na Mmoja, Sasa Hasaini

Saa mbili asubuhi, mzee aliye kwenye kioo cha kompyuta anaanguka shimoni. Mwanamke anayemchezesha anamrudisha ukingoni, anamwangusha tena. Na tena. Daftarini anaweka alama ya thelathini na saba, na chai yake bado ya moto.

Ni mjaribu wa gemu za video. Kwa miaka kumi na mmoja amegonga kila ukuta na kuangukia kila shimo, akisaka kasoro kabla wateja hawajaziona. Wenzake humwita Bibi Ukuta. Kifundo cha mkono wake wa kulia kimefungwa bandeji.

Gemu hii ni ya tano katika mfululizo unaopendwa. Katika nne za kwanza shujaa ni kijana anayeruka, akikosea, anakufa. Katika hii amezeeka, magoti hayamruhusu kuruka hata tofali moja. Akianguka hafi. Anajikung'uta, analalamika, anapanda tena.

Mkuu wa kitengo anasifiwa kila kona kwa wazo hilo. Bibi Ukuta akisikia, anauma meno.

"Niliandika mimi, kwenye ripoti ya kasoro," anasema. "Baba alivunjika nyonga. Nyumbani kuna ngazi kumi na nne. Akianguka, anaitukana ngazi, anaanza upya. Nikauliza, kwa nini shujaa wetu afe? Mwacheni ainuke. Nikaandika na tusi la baba."

Anabonyeza. Mzee anateleza, anaguna: "Ngazi hii haina adabu!"

"Umesikia? Wamenichukulia hadi baba yangu!"

Majina ya waliotengeneza gemu hupita mwishoni kwa dakika sita. Yumo hata aliyepamba ukumbi wa sherehe ya kampuni. Wajaribu wameandikwa "na wengineo".

Alipokwenda kulalamika, mkuu alicheka. "Dada, wazo halina mwenyewe. Hapa sote ni familia."

"Familia gani inayomsahau mpishi ikishashiba?"

Lakini kuna sheria moja: gemu haitoki mpaka kila kasoro ifungwe, yaani ihesabiwe imekwisha, kisha mjaribu mwandamizi asaini. Mwandamizi ni yeye. Jumatatu aliandikisha kasoro namba 4112: *Orodha ya majina. Mwenye wazo hayumo. Uzito: gemu isitoke.* Gemu inatakiwa kutoka Ijumaa.

Mkuu ameifunga mara tatu, akiandika: *Si kasoro.* Yeye ameifungua mara tatu.

"Wakinifukuza, wanifukuze," anasema, kisha sauti inashuka. "Baba ameniahidi ataicheza mpaka mwisho. Nataka akifika pale asome jina la binti yake. Na waliandike kwa herufi kubwa, macho yake si mazuri."

Kompyuta inalia. Kasoro namba 4112 imefungwa tena.

Bibi Ukuta anavuta kiti, anakunywa funda la chai. "Haina adabu," anasema, na kuifungua.