Miaka Kumi na Mmoja ya Kulenga Kulia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelalia majani ya chai na nyasi za uwanja wa gofu zinalowesha viatu. Phanice Kemuma anachutama, analaza ufito mrefu chini, anafumba jicho moja, anausogeza kidogo kushoto, kisha anausogeza tena. Ncha ya ufito inaelekea bendera iliyo mbele yake hatua mia na thelathini hivi. Anasimama kando yake na fimbo namba saba mkononi, anainama kuangalia vidole vya miguu yake, na kuguna.

Miguu imekataa. Ufito unaelekea bendera, lakini yeye mwenyewe anaelekea mkaratusi ulio kulia.

"Unaona?" anasema. "Mimi nasikia niko sawa kabisa. Mwili unaapa niko sawa, na ni uongo mtupu."

Anairudisha miguu kwenye mstari, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Anapiga. Mpira unapanda, unanyooka, unatua karibu na bendera. Phanice anautazama kwa mshangao wa mtu aliyeletewa barua isiyo yake. Wiki tano zimepita tangu agundue alichogundua, na bado hajakizoea.

Phanice, mwenye umri wa miaka 36, ni kedi katika klabu moja ndogo ya gofu iliyozungukwa na mashamba ya chai ya Kericho. Hubeba mfuko wa fimbo wa mchezaji begani, humwambia upepo unatoka wapi, na huingia kwenye chai kutafuta mipira ya watu wasiotaka kulowesha suruali. Malipo ni Sh700 kwa mzunguko. Siku za Jumatatu wenye klabu wakipumzika, makedi huruhusiwa kucheza, na hapo ndipo alipojifunzia.

Wanaomjua husema hakuna anayeujua uwanja huu kuliko yeye. Kamati ya klabu inalijua hilo pia, ndiyo maana imemwahidi kazi ya kufundisha wanaoanza, kazi ya mshahara wa kila mwezi. Sharti ni moja: afaulu mtihani wa walimu wa gofu, ambao ni mizunguko miwili kwa siku moja bila kuzidi idadi fulani ya mapigo.

Ameufanya mara mbili. Mara ya kwanza alizidisha mapigo tisa, mara ya pili manne. Mtihani wa tatu utafanyika wiki tatu zijazo, na kamati imesema waziwazi kwamba haitasubiri wa nne. Kuna mtu mwingine anayeitaka kazi hiyo.

Phanice alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai. Wazazi wake walitoka Kisii, na mama yake alichuma chai kwa miaka ishirini na saba, mpaka mashine za kuchumia zikaletwa na wachumaji wakaambiwa waende nyumbani. Alichotoka nacho mama ni huo ufito. Mchumaji huulaza juu ya vichaka na kuchuma majani yaliyochomoza juu yake, ili meza ya chai, yaani uso wa juu wa vichaka, ibaki sawa. Uliishi nyuma ya mlango miaka yote hii, bila kazi.

Fimbo za gofu nazo zina hadithi yao. Kwa miaka sita Phanice alimbebea mfuko meneja mmoja wa shamba, Bw. Alexander Kipkorir, mwanamume mrefu wa kuinamia milango. Alipostaafu miaka kumi na mmoja iliyopita na kurudi kwake Sigowet kufuga ng'ombe wa maziwa, alimwachia kedi wake mfuko mzima, fimbo zote ndani.

"Nililia," Phanice anakumbuka. "Kedi kupewa fimbo kama hizo? Watu walikuja kuzishika tu, kama mtoto mchanga."

Alipoanza kuzipiga, mpira ulikwenda kushoto.

Kila mpira ulikwenda kushoto. Alisikia kila aina ya ushauri, kwa maana uwanja wa gofu hauna uhaba wa washauri. Huyu alimwambia mkono wake wa kulia una haraka. Yule akasema mabega yake ni ya mchuma chai, hayafai mchezo wa wastaarabu. Akafanya mazoezi mpaka viganja vikatoka malengelenge. Akaombewa kanisani. Mpira ukaendelea kwenda kushoto.

Haikumpitia akilini hata siku moja kuzishuku fimbo. "Nilizibeba miaka sita," anasema. "Niliona kwa macho yangu mpira wa bosi ukienda moja kwa moja. Sasa ningelaumu fimbo vipi? Kama fimbo ni nzuri, basi mbaya ni mimi."

Mwishowe akabuni dawa yake. Akalenga kulia, kwenye mkaratusi, na kuuachia mpira urudi wenyewe. Siku nzuri ulirudi. Siku za upepo ulifanya ulivyotaka, na mapigo manne hupotea hivyo hivyo.

Dawa hiyo aliwapa na wenzake. Wanawake sita wamejifunza gofu kwa Phanice, wakizipokezana fimbo hizo hizo kila Jumatatu, na wote aliwaambia maneno yale yale: lenga mkaratusi, mpira unajua njia ya nyumbani. Hodari kuliko wote alikuwa Moureen Chepchirchir wa Ndanai. Tutafika kwake.

Mwezi uliopita akaja fundi wa fimbo kutoka Nairobi, Zack Mageto, anayezunguka vilabuni na hema na mashine yake akiwapima wachezaji jinsi fundi cherehani anavyompima mtu suruali: urefu, mikono, namna anavyosimama na kuzungusha fimbo. Ada ya kupimwa tu ni Sh14,000. Hiyo ni mifuko ishirini begani, kupanda na kushuka.

Makedi walicheka. Aliyecheka zaidi ni Kipkurui, kedi wa zamani ambaye sasa ana karakana ya kuchomelea vyuma Kaplong. "Alinipigia simu kuniuliza maoni," Kipkurui anasema bila haya. "Nikamwambia, kwani fimbo ni gauni la harusi? Na hiyo pesa si ulipe karo? Mpira hauna habari kama wewe umepimwa."

Phanice alilipa. Alikuwa ameweka akiba tangu alipofeli mara ya pili, na hakuwa na kitu kingine cha kujaribu.

Mageto hakuwasha hata mashine. Alibandika utepe chini ya fimbo namba saba, akaweka ubao wa plastiki ardhini, akamwambia apige mpira ulio juu ya ubao. Fimbo inayomfaa mtu hugusa ubao katikati na kuacha alama hapo. Ya Phanice iliacha alama ukingoni kabisa, upande wa kisigino, pale kichwa cha fimbo kinapoungana na mpini. Ncha yake ilikuwa hewani. Namba nane ikawa hivyo hivyo. Namba tisa pia.

"Hizi fimbo ni za nani?" Mageto akauliza.

"Ni zangu."

"Hapana, dada. Nauliza zilitengenezewa nani."

Fimbo zilikuwa zimemzidi urefu kwa inchi moja na nusu, na shingo zake zilikuwa zimepindwa makusudi. Fimbo iliyopindwa namna ile huutuma mpira kushoto hata aliyeishika awe malaika. Phanice aliketi kwenye nyasi zilizolowa, mbele ya wateja wengine, na hakujali.

"Nilikuwa nahesabu," anasema. "Miaka kumi na mmoja. Nilijiita mjinga miaka kumi na mmoja."

Jioni hiyo alimpigia simu Bw. Kipkorir. Walisalimiana kwa Kikipsigis, chamgei kwa chamgei, wakaulizana ng'ombe na watoto. Kisha akamuuliza kama aliwahi kuzipinda fimbo zake.

"Eeh, zilipindwa," mzee akajibu, bila wasiwasi wowote. "Kabla hujaanza kunibebea, mpira wangu ulikuwa unakimbilia kulia kila siku. Nikiwa likizo nikaenda nikapimwa, wakazipinda zinirudishie mpira kushoto. Pesa nyingi hiyo, lakini ilinisaidia sana. Kwani sikukuambia?"

"Hukuniambia, mzee."

"Woi, Phanice," mzee akasema. "Na mimi nilidhani nimekupa kitu kizuri."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hata wao hawakufikiria kitakaa begani na kubebwa kwa upendo. Alikuwa amerithi dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine, akainywa kila Jumatatu, kisha akajishangaa kwa nini haponi.

"Sikuweza kumkasirikia," anasema. "Zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri kwa yeye."

Je, kupimiwa fimbo kunastahili gharama yake? Mageto alimpa bei ya seti mpya ya vipimo vyake: Sh310,000. Phanice alicheka, naye Mageto akacheka kidogo, kisha akachukua karatasi na kuandika kila kipimo, fimbo kwa fimbo. "Seti huwezi, naelewa," alimwambia. "Lakini vipimo umelipia. Tafuta mtu wa chuma."

Mtu wa chuma alikuwa yule yule aliyemcheka. Jumamosi moja Phanice aliufikisha mfuko Kaplong, na Kipkurui akaisoma karatasi mara mbili. Walianza na namba nne, ambayo huitumia kwa nadra. Kipkurui akaipasha moto, akaipinda, nayo ikakatika shingoni kama muwa. Zilizobaki zilikuwa sita.

"Hapo niliogopa," Kipkurui anakiri. "Nikaacha moto. Nikazibana kwenye jiliwa moja moja, nikazivuta kwa bomba polepole, nikipima kila mara kwa kipimapembe cha msichana wangu wa darasa la saba. Kutoka saa nne mpaka saa kumi." Alizikata urefu pia. Alimtoza Sh2,500, kisha akamrudishia mia tano kwa ajili ya namba nne.

Kutoka Kaplong Phanice hakurudi Kericho. Alikwenda Ndanai.

Moureen, mwenye umri wa miaka 25, ana kibanda cha nyanya na vitunguu sokoni. Miaka mitatu iliyopita alikwenda kwenye mashindano ya makedi katika klabu nyingine, akaazimwa fimbo za huko. Alilenga kulia, kama alivyofundishwa, akingoja mpira urudi nyumbani. Mpira haukurudi. Ulikwenda kulia na kubaki kulia, shimo baada ya shimo, miguuni mwa watazamaji na msituni, mpaka watu wakaanza kucheka. Aliporudi, Phanice alimwambia kilichomharibia ni uoga. Alimwambia hana moyo wa mashindano. Moureen aliuacha mchezo wiki hiyo hiyo.

Mchuma janga hula na wa kwao. Phanice alisimama mbele ya nyanya na kumweleza yote: ubao, utepe, mzee na simu yake. Alimwomba msamaha.

Moureen aliendelea kupanga nyanya. Alipanga fungu moja, akapanga la pili. "Kwa hivyo haikuwa uoga," akasema.

"Haikuwa uoga."

"Kocha, mimi nilimwambia hata mama yangu niliogopa."

Ndipo akalia, na mteja aliyekuwa amesimama hapo akaamua kurudi baadaye.

Saa mbili asubuhi ukungu umepanda, na Moureen anatokea kwenye njia ya makedi na koti lake la soko. Huja kila Jumatatu sasa, na ndiye atakayebeba mfuko siku ya mtihani. Phanice bado ana deni kwa mwili wake: fimbo zilinyooka kwa siku moja, lakini miguu ilifunzwa kwa miaka kumi na mmoja, nayo ina kichwa kigumu. Ndiyo maana ufito wa mama umetolewa nyuma ya mlango. Siku ya mtihani, ufito hauruhusiwi. Hata Moureen hataruhusiwa kusimama nyuma yake anapopiga.

Akifaulu, mpango anao tayari. Atawatafuta wale wanawake wengine watano, nyumba kwa nyumba. "Na mtu yeyote akija kufundishwa," anasema, "kabla sijamwambia amekosea, nitamuuliza kwanza hiyo fimbo ilitengenezewa nani."

Anauokota ufito na kumpa Moureen. Anasimama juu ya nyasi tupu, anapanga miguu yake bila mstari wowote, anatulia. Kisha anasita.

"Naelekea wapi?" anauliza bila kugeuka.

"Bendera."

"Una hakika? Mimi naona kama naelekea kule kushoto, kwa chai."

"Ni bendera, kocha," Moureen anasema. "Piga."