Wifi wa Kila Mtu

Mafuriko yalipozoa nyumba za mtaa wa chini, watu walihamia kwenye madarasa ya shule ya msingi. Msusi mmoja wa mtaa wa juu, aliyeitwa Vidole kwa wepesi wa mikono yake, akawa wa kwanza kupeleka mablanketi. Hakuna aliyemtazama. Wote walikuwa wamemzunguka wifi yake, dada wa mumewe, aliyekaa sakafuni amempakata mtoto wa watu, anasikiliza.

"Wifi yako ana moyo," mama mkwe akamwambia. "Mungu kamjalia."

"Kamjalia kweli," Vidole akajibu, maneno yakimkwaruza.

Siku zote yeye ndiye aliyeendewa. Wanawake waliingia kibandani kwake na vichwa timtim, wakatoka wamependeza na siri zao wamezitua. Sasa hata mumewe akirudi ni dada kasema hivi, dada kafanya vile. Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alitamani wifi amkaripie mtu, hata mara moja tu, watu waone.

Kulikuwa na bibi aliyepoteza mjukuu katika maji yale. Wifi alipomsogelea, bibi aligeukia ukutani. Vidole aliona, na moyo wake, Mungu amsamehe, ukachekelea. Akachukua kitana akaenda. Haikuwa huruma, alitaka kushinda.

"Bibi, nikufumue nywele hizi? Zimeshikana matope."

Vidole akapiga magoti nyuma yake, akafumua polepole, matope makavu yakimdondokea mapajani.

"Alikuwa anapenda kunivuta hizi za nyuma," bibi akasema ghafla, akalia.

Vidole akamkumbatia, akasahau kutazama kama wifi anaona.

Kesho yake wanawake walipanga foleni kusukwa. Wa mwisho alikuwa wifi.

"Nisuke na mimi. Nyumba yangu imekwenda na maji, na hakuna aliyeniuliza nalalaje. Hata wewe."

Kumbe aliyekuwa akimwonea kijicho hana hata mlango wa kufunga.

"Unalalaje, wifi?"

"Silali."

Mama mkwe akapita, akamsifu binti yake tena. Vidole akavuta nywele kupita kiasi.

"Unaniumiza."

"Samahani. Ni wivu."

"Najua. Hata mimi jana, bibi alipokulilia wewe, sikula."

Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Jioni wifi akahamia kwa Vidole, chumba cha mbele. Wivu haukuisha, ulipata tu mtu wa kuzungumza naye.