Diski Zilizoanikwa na Ndakala

Mukwe wangu hana haya. Nasema hivyo bila chuki, kwa sababu ni kijana mzuri, amemuoa binti yangu vizuri na anamtunza. Lakini haya hana. Ananipigia simu kutoka Lubumbashi asubuhi na mapema, mama umeamkaje, mama umekula nini, na mimi nabaki natazama ukuta natafuta pa kujificha. Wiki iliyopita alizidi. Binti alikuwa amemwambia kwamba marehemu baba yangu alipenda sakso, saksafoni ile, basi akanitumia muziki kwenye simu, sakso ya Waamerika weusi, halafu akapiga hapohapo kuuliza kama nimesikia. Nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo. Nikamwambia angoje kwanza, nikasikiliza. Na wewe nisikilize, maana jambo hili limenikaa kifuani tangu enzi za Zaire na nimechoka kulibeba.

Baba alikuwa karani bandarini, hapahapa Kalemie. Watu wa mashua waliokwenda Kigoma na kurudi walimletea diski, zile santuri nyeusi, na nyingine alizipata kwa Wazungu waliokuwa wanafungasha kuondoka. Mtaa mzima ulipiga rumba, gitaa tamu, watu wanacheza hadi vumbi linapanda. Sisi? Jazi, na ule muziki mwingine alioutaja kwa majivuno, ridim-endi-blus. Na hata huo hakuuacha utembee. Mwimbaji kwake alikuwa kama mtu aliyesimama mlangoni anaziba njia. Alingoja sakso. "Ngoja, sasa anaingia," anasema, kidole juu, na sisi wote na tonge la bukari mkononi tunangoja. Sakso ikimaliza, ananyanyua sindano, anairudisha palepale. Mara tatu, mara nne. Nakuapia, katika utoto wangu wote sikusikia wimbo mmoja ukifika mwisho.

Na diski zenyewe zililala chumbani mwangu. Kilikuwa chumba pekee kisichovuja, basi baba akatoa kitanda changu, akaweka rafu, na mimi nikahamia kwenye mukeka karibu na jiko, pamoja na moshi na masufuria. Eti diski haziwezi unyevu. Mimi naweza. Juu ya hayo, kila Jumamosi, watu wakirudi kutoka salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, kazi yangu ilikuwa kuzipangusa moja moja kwa kipande laini cha kitenge, kuzungukazunguka nikifuata mistari, bila kugusa katikati. Baba alikaa kwenye kiti akihesabu maadui wa diski: jua, vumbi, na vidole vyangu. Nilikuwa na miaka tisa na maadui hao nilikuwa nawajua kuliko katekisimu.

Sasa akaja nkambo, mama yake mama, kwa mashua kutoka Moba, kuja kutibiwa goti. Hapo utaelewa kwa nini nimeanza na mukwe wangu. Kwetu siku zile mtu na mama mukwe wake hawakusemezana. Hawakutazamana usoni, hawakula pamoja. Baba akitaka kupita uani, anakohoa mlangoni kwanza, nkambo anavuta kitenge kichwani na kugeuka ukutani. Heshima hiyo iliondolewa kwa kuku tu: mukwe analeta kuku, anapikwa, wanakula wote wawili, ndipo midomo inafunguka. Baba alikuwa ameoa miaka kumi na kuku hajaonekana. Mama alimkumbusha hadi akachoka. Nadhani ule ukimya ulimfaa, aliusikilizia sakso.

Aliyeumia ni mimi. Wamekaa hatua tatu, yeye kwenye kiti, nkambo nyuma ya pazia, na mimi katikati napeleka habari. "Mwambie mama, dawa ya goti iko mezani." Nkambo amesikia, si kiziwi. Lakini lazima nigeuke, nirudie neno kwa neno, naye anijibu, nigeuke tena. Siku nyingine ziliisha hivyo, shingo inaniuma.

Nkambo alitaka kumshukuru mukwe wake kwa ile dawa, na kwa kuwa hawezi kumwambia uso kwa uso, akaamua kumshukuru kwa kazi. Ilikuwa kiangazi, mama yuko sokoni, baba bandarini. Nkambo akaingia chumbani mwa diski, akapitisha kidole, akaona vumbi la wiki nzima. Akaguna. Akaniomba maji.

Nilileta ndoo mbili. Nilizichota mwenyewe, nikazibeba mwenyewe, na nilijua ni za nini, kwa sababu alikuwa tayari amezitoa diski kwenye mifuko yake na kuzipanga kama sahani za harusi. Aliziosha kwa sabuni, taratibu, kwa upendo mkubwa. Kisha akazipeleka uani kwenye kichanja, pale tulipoanika ndakala, akasogeza samaki upande mmoja na kuzilaza diski upande wa pili, zote thelathini na moja, juani. Saa sita mchana, jua la Kalemie, wewe unalijua.

Ningeweza kusema. Neno moja tu, nkambo, hapana. Mimi nilikuwa bingwa wa kupeleka maneno. Nilisimama pale nikaona ukingo wa diski ya kwanza unaanza kuinuka, nikawaza kitanda changu, nikanyamaza. Halafu nikaenda zangu ziwani.

Jioni nilipoingia uani baba alikuwa amesimama mbele ya kichanja na mfuko wake wa biro, wa ofisini, bado begani. Diski zilikuwa zimepinda, nyingine kama kofia, nyingine kama sikio, na nzi wa ndakala wanatembea juu yake. Nkambo amekaa chini amempa mgongo, amependeza, amejipaka mafuta. Akaniita. "Mwambie mukwe wangu, vitu vyake njo vimetakata sasa."

Sikuwa na haja ya kurudia, lakini nilirudia. Mshipa wa shingo ya baba ulisimama. Nilimwona akifungua mdomo, akaufunga, akaufungua. Kumjibu mama mukwe kwa hasira ni laana, kila mtu anajua.

"Mwambie mama," akasema, "aksanti sana."

Usiku ule aliniuliza nilikuwa wapi. Nikasema ziwani, papa, tangu asubuhi. Akaniamini. Ndiyo kitu kilichoniudhi zaidi, aliniamini upesi.

Wiki nzima alizibana diski chini ya magunia ya unga. Hazikunyooka. Alipozipiga, sindano ilipanda na kushuka kama mashua kwenye mawimbi, na sakso nayo ikapanda na kushuka, inaugua, inalegea, inajikaza tena. Baba akasema basi, imetosha, atatafuta kuku. Alitaka mdomo ufunguke amwombe mama mukwe, kwa adabu zote, asiguse tena vitu vya chumba kile. Mama aliweka mwiko chini. "Miaka kumi umemukatalia mama yangu kuku, na leo juu ya diski njo unakumbuka?"

Mimi sikucheka. Wakisemezana, nkambo atasema ukweli. Kuku alifungwa kamba kwenye mguu wa meza, na mimi nikamfungua. Jirani akamrudisha. Nikamfungua tena, akarudishwa na watoto wa jirani, wanaimba. Mara ya tatu yule kuku alirudi mwenyewe, mjinga yule, akaingia jikoni. Mama akamchinja.

Wakala. Baba alikuwa amevaa abakosi, suti yake ya sikukuu, jasho linamtoka. Nkambo akanawa mikono, akainua macho, akamtazama mukwe wake usoni kwa mara ya kwanza, na kabla baba hajatoa hotuba yake, akatangulia yeye. Alimshukuru kwa dawa, kwa mashua, kwa kumtunza binti yake. Kisha akaniwekea mkono kichwani.

"Na huyu mutoto umemulea vizuri, papa. Siku ile ya kuosha vitu vyako alinibebea maji. Ndoo mbili. Tulifanya naye."

Baba akanitazama. Alinitazama muda mrefu, mkono umebaki na kipande cha paja. Nilingoja fimbo. Nilikuwa tayari kwa fimbo, niliitaka.

"Aksanti kwa kumusaidia nkambo yako," akasema. Akaendelea kula. Hotuba yake hakuitoa, siku ile wala siku nyingine.

Hakunipiga. Lakini Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuchukua kile kipande cha kitenge, nikakuta anacho yeye. Akazipangusa mwenyewe, zote, zile zilizopinda, kuzungukazunguka, akifuata mistari. Nikasimama mlangoni. Sikuitwa. Miaka yote iliyobaki sikuitwa tena, na kitanda changu kilirudishwa chumbani, karibu na rafu, na nakwambia sikuwahi kulala vibaya kama mle. Kazi niliyoichukia ilinyang'anywa, na mimi mpumbavu nikaanza kuitamani.

Nkambo alirudi Moba, akafa huko. Vita vilipofika, mashine ya diski ilibebwa na watu nisiowajua, diski zikatumika kufunikia mitungi ya maji. Baba naye amekwenda. Sikumwomba msamaha. Kila mara nilisema kesho, kwa sababu tulikuwa tunazungumza vizuri, habari zote, isipokuwa hiyo moja.

Basi ile siku ya sombe nilisikiliza muziki wa mukwe wangu mpaka mwisho. Ulikuwa ni uleule, niliutambua. Lakini mwimbaji alimaliza maneno yake, sakso ikaingia, ikatoka, imenyooka kabisa, na wimbo ukaisha. Nikaweka sombe pembeni, nikarudi kwenye simu.

"Mama, vipi? Si muziki wenyewe?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia wa kwetu ulikuwa umepinda, na aliyebeba maji ni mimi, na nilijua, na nilinyamaza. Hata kwamba ni diski sikumweleza. Nilisema tu, kwa sauti, kwa mukwe wangu.

Na yule kijana, ambaye tangu amuoe binti yangu hajawahi kufunga mdomo, alinyamaza. Alikaa kwenye simu, namsikia anapumua, muda mrefu, wala hakuniuliza neno.