Mlimaji Aliyepewa Farasi

Mimi nilimchukia Nyamhanga kwa miezi mitatu mizima. Nasema hivyo mapema kwa sababu siku hizi watu wakimsifu hunigeukia mimi, eti ndiye niliyemgundua. Sikumgundua. Niliandika barua mbili kuomba afukuzwe, na ya pili niliipiga chapa.

Ilikuwa mwaka 1995. Nilikuwa msaidizi wa mazoezi ya viungo katika kituo cha watoto wenye ulemavu, nje kidogo ya mji wa Migori ukishika barabara ya Awendo. Masista waliokiendesha walikuwa wamepewa farasi na tajiri mmoja wa Nairobi. Alikuwa farasi jike mzee, ambaye miguu yake haikufaa tena mashindano. Jina lake lilikuwa Duchess, nasi tukamwita Dachesi. Mtoto ambaye viungo vyake vimekakamaa akipandishwa mgongoni mwa farasi, ule mwendo na lile joto la mnyama hulegeza misuli yake, na mgongo wake hujifunza kujishikilia wenyewe pole pole. Hayo nilifundishwa Nairobi kwa wiki mbili. Nilirudi na daftari limejaa, na kwenye ukurasa wa kwanza niliandika kwa herufi kubwa: KIMYA. Farasi ni mnyama mwoga, walituambia. Kelele humtia wasiwasi, na wasiwasi wake humwingia mtoto aliyempanda.

Basi tukabaki kumtafuta mtu wa kumtunza. Migori nzima, mtu anayejua farasi utamtoa wapi? Sista mkuu akamchagua Nyamhanga, aliyekuwa akituletea maji kwa punda wa kuazima.

Nyamhanga Wangwe alikuwa Mkuria wa upande wa Kehancha, umri wake miaka hamsini kasoro. Maisha yake yote alikuwa amelima kwa plau, akikodiwa na watu kutoka mpakani mpaka kwenye mashamba ya miwa ya Awendo. Alikuwa na maksai wanane, na kila mmoja alikuwa na jina: Posta, Kanali, Sukari, Jumatatu, sikumbuki wengine. Walisema mvua za masika zikianza, sauti yake ilisikika kutoka ng'ambo ya mto kabla hujamwona. Kisha mwaka 1993 wezi wa ng'ombe wakaja, wakawachukua wote wanane wakavuka nao mpaka. Nyamhanga alifuata nyayo siku nne, akarudi mikono mitupu. Tangu siku hiyo hakusema. Mkewe alimpeleka kanisani, akampeleka na kwa mganga, pesa zikaisha na mume hakufungua kinywa. Alibaki kuitikia kwa kichwa tu.

Sista aliona mtu mpole aliyehitaji kazi. Mimi niliona bubu, nikafurahi kwelikweli. Kimya changu nimekipata, nikajiambia, tena kwa mshahara wa chini.

Siku ya kwanza nilimpa kamba nikamwonyesha pa kusimama: mbele, kando ya shingo ya farasi. Alitikisa kichwa kukubali. Nilipogeuka kuchukua daftari langu, yeye akaenda zake nyuma. Mlimaji husimama nyuma; ndiko plau iliko. Dachesi alimpiga teke la paja, akaanguka kwenye matope.

Alivyotukana! Alitukana kwa Kikuria, akatukana kwa Kijaluo, akamaliza kwa Kiswahili ili nami nisikose fungu langu. Masista walitoka jikoni wakikimbia. Mtu ambaye hakuwa amesema karibu miaka miwili alikuwa amekaa matopeni akimwambia farasi mambo ambayo sitayaandika hapa, na farasi alikuwa amegeuza masikio yote mawili anamsikiliza. Nyamhanga alipoishiwa na matusi alimtazama yule mnyama, kisha akasema kwa upole, "Kumbe na wewe ni Posta tu."

Kuanzia hapo sikupata raha. Alimsemesha farasi asubuhi akimpa maji, alimsemesha mchana akimkwangua matope. Alimpa habari za bei ya mahindi, alimsengenyea shemeji zake. Kila mzunguko wa uwanja alimwita kwa jina la ng'ombe mwingine, na bado alitembea nyuma, safari hii hatua sita, akipaza sauti kana kwamba ana ekari tano za kumaliza kabla ya jua kali.

"Mzee, nimekuambia usimame mbele," nilimwambia. "Na unyamaze. Tafadhali."

"Nikiwa mbele, dada, nitajua aje kama mstari imepinda?"

"Hakuna mstari hapa. Hii si shamba!"

"Hata wewe uko na mstari yako," alinijibu. "Haujaiona tu."

Niliandika barua ya kwanza jioni ile ile.

Katikati ya ugomvi huo ndipo alipokuja Maxwell. Mama yake, Phelesia, alimleta mgongoni kutoka Karungu, ambako alikuwa anauza omena, wale dagaa wa ziwani. Mtoto alikuwa na miaka saba. Alipokuwa na mitatu malaria ilimpanda kichwani, na alipopona miguu yake ilikuwa imepishana kama mkasi na mgongo haukuweza kumshikilia. Ukimweka chini, anaanguka. Hakusema zaidi ya maneno matatu manne. Phelesia hakuja kutafuta muujiza. Kulikuwa na shule moja ya bweni upande wa Homa Bay iliyopokea watoto walemavu, ila kwa sharti: mtoto aweze kukaa peke yake kwenye benchi kwa kipindi kimoja, dakika thelathini na tano. Shule ilikuwa na nafasi moja tu ya mwezi wa Januari. Mwalimu angekuja Novemba kumpima.

"Daktari, wuoda akikosa hii, hakuna ingine," aliniambia. Wuoda, yaani mwanangu. Mimi si daktari, lakini sikumrekebisha, maana nilipenda kuitwa hivyo.

Nikaanza naye kwa njia ya daftari. Nilimwondoa Nyamhanga, nikashika kamba mwenyewe, nikasimama mbele, kimya kama kanisani. Dachesi alipiga hatua kumi akasimama. Nilimvuta, akasimama. Juu yake Maxwell alikuwa amekakamaa kama ubao, analia. Nikafanya hivyo wiki tatu. Wiki tatu! Kila jioni Phelesia aliniuliza kama kuna dalili, nami nilimwambia mambo haya hayataki haraka, huku nikijua ninamdanganya.

Kisha nikaugua malaria, nikalala siku nne. Nilipotoka, bado natetemeka, nilisikia ile sauti kutoka uwanjani. "Jumatatu, usilale! Kanali, shika mstari! Angalia huyu Sukari anavyojivuta, utafikiri leo ni Krismasi!" Nilikwenda huku damu inanichemka. Dachesi alikuwa anatembea hatua ndefu za taratibu, kichwa ameinamisha, amestarehe. Na Maxwell alikuwa ameketi. Miguu ilining'inia pande mbili, imelegea. Phelesia alimshika kiunoni upande mmoja kwa vidole viwili tu. Mtoto alikuwa anacheka.

Mtu mwenye akili angeshukuru. Mimi nilikwenda chumbani nikapiga chapa barua ya pili.

Sista mkuu aliisoma yote, akaikunja. "Liz, mtoto analegea au halegei?"

"Analegea, Sista, lakini si kwa utaratibu."

"Basi huo utaratibu wako uombee," alisema, akanirudishia barua.

Nikasalimu amri, na nilifanya hivyo vibaya, kwa kununa. Miezi mitano mfululizo nilitembea kando ya farasi yule, mkono kwenye paja la mtoto, nikiumwa na kichwa kwa kelele za mtu mmoja. Lakini niliona yaliyotokea, na kuyaficha siwezi. Nyamhanga akiongea, masikio ya Dachesi hurudi nyuma kumsikiliza na mwendo wake hutulia. Mwendo ukitulia, mtoto hulegea. Na mtoto akilegea, Nyamhanga huongea zaidi. Kufikia Septemba Maxwell alikuwa anajishikilia mzunguko mzima bila mkono wa mtu. Oktoba alikuwa anaita "Kanali!" kabla ya Nyamhanga, ili amwahi. Mkewe Nyamhanga alikuja siku moja kutazama. Alikaa chini ya ukuta wa jikoni akilia kwa furaha, maana mumewe alikuwa ameanza kugombana naye tena nyumbani.

Mwalimu Cephas alifika Novemba siku ya Jumanne saa nne, na faili kwapani na saa kubwa mkononi. Alikuwa mtu msafi, mwenye haraka, aliyekwisha kuona watoto kumi na moja wiki hiyo kwa nafasi ile moja. Hakutaka kuona farasi. "Farasi hatuna," alisema. "Tuna benchi." Akaomba darasa tupu, akasema aingie mtoto, mama, na mimi. Nyamhanga alitaka kuingia nasi, mwalimu akaangalia gambuti zake zilizojaa mavi ya farasi, akafunga mlango.

Nilimweka Maxwell kwenye benchi. Mwalimu alikaa mbele yake, akabonyeza saa.

Hapo ndipo nilipotambua nilichofanya. Kwa muda wote ule, sikumkalisha mtoto yule kwenye benchi hata siku moja. Nilikuwa nimelewa farasi. Nilipima mizunguko, nilipima hatua, nikaandika daftari la pili likajaa, na kile kitu kimoja kilichotakiwa na shule sikukijaribu hata kwa dakika tano. Mlimaji hawezi kumpeleka sokoni ng'ombe ambaye hajamjaribu shambani. Mimi, niliyesoma, nilifanya hivyo. Nilitamani kujizaba kofi.

Benchi halipumui. Halina joto, halitembei. Dakika ya tano miguu ya Maxwell ilianza kukaza. Dakika ya nane kichwa kiliinama, na bega la kushoto likaanza kwenda ukutani. Mwalimu alinyanyua kalamu. "Akigusa ukuta, basi," alisema, na akasema nami, hakusema na mtoto. Phelesia alikuwa ameweka ngumi mdomoni.

"Kanali!"

Sote tuliruka. Nyamhanga alikuwa dirishani nje, ameshika nondo kwa mikono miwili. "Kanali, shika mstari! Nani amekuambia tumefika mwisho? Posta, mwangalie mwenzako!"

Bega lilirudi. Niliona mgongo ukijinyoosha pole pole, kichwa kikapanda, macho yakaenda dirishani. Nyamhanga alimpa habari za Dachesi, kwamba amekula kamba ya nguo na sketi ya Sista juu yake, na Maxwell akacheka, ameketi wima kwenye ubao mkavu usiopumua.

"Wewe mzee, toka hapo!" Mwalimu Cephas alisimama. "Huu ni mtihani!"

"Jaduong', mzee wangu, tafadhali nyamaza," Phelesia alimsihi, akiogopa kuharibu zaidi. Nyamhanga akanyamaza.

Dakika mbili hazikupita. Kichwa kikaanza kushuka, na bega likaifuata ile njia yake ya ukutani.

"Mmeona?" mwalimu alituambia, na naapa hakusema kwa ubaya, alikuwa amechoka. "Huyu mtoto hakai. Anakalishwa na makelele. Mimi kule nitamtoa wapi mtu wa kushinda dirishani akimpigia kelele?"

Phelesia aliinama kuokota leso ya kumbebea mtoto.

"Mwalimu," Nyamhanga aliita kutoka nje. Sauti yake haikuwa ya shambani tena. "Niulize kitu kimoja tu, halafu niende. Kwani huko kwenu watoto wanafundishwa kimya?"

Mwalimu alibaki na kalamu hewani. Tangu aingie mle darasani alikuwa amesema nami, amesema na mama, ameitazama saa, na hakuwa amemsemesha Maxwell hata neno moja. Nami sikuweza kumcheka. Ndivyo nilivyomfanyia mtoto huyo huyo kwa wiki tatu, nikamwacha alie juu ya farasi na kukiita kilio chake kukakamaa kwa misuli.

Mwalimu alikasirika, hilo nililiona. Mtu aliyefundisha miaka mingi hapendi kuulizwa hivyo na mvaa gambuti. Alitazama dirishani, akatazama ile leso mikononi mwa Phelesia. Kisha aliweka faili chini, akaenda ubaoni, akachukua kipande cha chaki kilichosahauliwa pale.

"Maxwell!" alisema, kwa sauti ya mtu mwenye watoto arobaini mbele yake. "Niangalie. Moja ongeza moja, ni ngapi?"

Maxwell hakujua. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Lakini aliinua kichwa kumtafuta aliyemwita, na bega likakifuata.

Mwalimu alimwuliza tena. Aliendelea kumwuliza mpaka dakika zikaisha, na bega halikuugusa ukuta.