Maandishi Mekundu ya Verna Pascoe

Asubuhi ya mwisho waliyokaa pamoja kama kawaida ilikuwa Jumanne. Verna Pascoe alimsomea mumewe majibu ya wanafunzi mezani, na yote yalimtia mzee Clem kinyaa.

Mtaa wote wa Footscray ulikuwa baridi tupu. Clem alipaka mkate siagi, Verna akashika kalamu nyekundu. Alikuwa amefundisha uchumi chuo kikuu, mwaka wa kwanza, kwa miaka ishirini na miwili, kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja. Kabla ya hapo alikuwa karani wa malipo dukani; alikwenda kusoma akiwa na miaka thelathini na minane. Kila mwaka swali lake lilikuwa moja: mweleze mtu aliyeacha shule mapema kwa nini nyama inapanda bei buchani huku mfugaji akilipwa kidogo. Mtu huyo, kichwani mwake, alikuwa Clem, aliyefanya kazi machinjioni maisha yake yote. Clem akielewa, mwanafunzi amepita.

"Haya, jibu la saba," Verna alisema.

"Usinisomee. Ni lile lile."

"Jina tofauti, mzee."

"Jina ndilo pekee lililo lao. Hili limeoshwa kwa maji ya moto, halina hata tone la damu. Yule binti wa mwaka juzi, aliyemtaja mjomba wake na lori la barafu..."

"Aliandika ovyo yule."

"Nilimwelewa. Hawa wameandikiwa na mashine, nawe unaumiza macho bure."

Simu ikalia. Alikuwa Lachlan, mkuu wa idara, ambaye zamani Verna alimfundisha. Verna akafungua spika ili Clem asikie.

"Mwalimu, ile fomu. Ni saini tu."

Fomu ilitaka maneno yote mekundu aliyowahi kuandika pembezoni mwa majibu yawe mali ya chuo, wailishe nayo mashine ya akili bandia. Mwakani madarasa madogo yanafutwa. Mashine itafundisha watu elfu mbili kwa mkupuo, na kusahihisha kwa maneno ya Verna.

"Mashine inaandika, mashine inasahihisha," Verna akasema. "Mwanafunzi anakuja kufanya nini, kupigwa picha na joho?"

Lachlan akacheka. "Hata usipokuwepo, mwalimu, utaendelea kufundisha. Huoni fahari?"

Clem aliweka mkate chini. Akasukuma sahani.

"Nitafikiri," Verna akasema, akakata simu, akaenda kupanda treni.

Alhamisi moyo ulimwangusha darasani. Jumamosi alifariki.

Wiki mbili baada ya mazishi Lachlan alikuja na keki na fomu ile ile. Mahali pa saini sasa palikuwa na jina la Clem, mrithi. Alisema wangependa mashine iitwe Verna.

"Mmeshaiita?" Clem aliuliza.

"Kwa majaribio tu, mzee."

Clem aliinuka. Alimrudishia fomu, akamrudishia na keki yake.

"Hapana."

"Sawa, mzee. Ila naomba nijue sababu." Lachlan alikuwa mpole, kalamu mkononi. "Sababu moja tu, niwapelekee wenzangu."

Clem akamfungulia mlango, akasimama hapo mpaka mgeni akatoka.

Jibu hilo lilikuwa limeshaagizwa. Ijumaa ile kabla hajafariki, kitandani hospitalini, Verna alimshika mkono akamwambia, kwa sauti kidogo iliyobaki:

"Wakija, waambie hapana, Clem, wala usiwape sababu. Ukiwapa sababu, hiyo nayo watailisha ile mashine."