Overclocking ya miaka ya sabini: tulivyopoza amplifaya kwa nitrojeni ya ng'ombe, Uyole hadi Iringa

Wakuu, heshima kwenu, mliopata viti na mliosimama mlangoni.

Nimepitia ule uzi mnaobishana kuhusu overclocking, kuikimbiza kompyuta kupita kiwango chake: nani ana motherboard ya bei mbaya, nani kapoza CPU kwa LN2, yaani nitrojeni ya kimiminika. Kijana mmoja kaandika "wazee hawawezi kuelewa haya mambo."

Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Sasa kaeni niwasimulie. Haya niliyaona kwa macho yangu, na chumvi nimeiacha jikoni.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi redio pale Uyole. Tulikuwa na bendi yetu, Mawe Matatu. Kiongozi na mpiga gitaa la solo alikuwa Anyandwile, mtu wa kujisikia hasa. Ngoma alipiga Ambakisye, ambaye mchana alikuwa mtaalamu wa mifugo, kazi yake kupandisha ng'ombe kwa mbegu za kwenye mtungi.

Amplifaya tulikuwa nayo moja tu, ile ya mikutano ya hadhara, na spika zake za pembe. Anyandwile aliinunua kwa kuuza dume la ng'ombe alilokusudia kulipeleka ukweni. Mchumba wake, Tumpe, alimwambia wazi: "Hicho kisanduku kikiungua, usije kwetu na majivu."

Basi ukaja ujumbe wa mdomo kutoka Iringa. Kule kulikuwa na bendi inaitwa Radi Jazz. Katibu wa ukumbi fulani alitaka bendi moja ya kupiga bugi, lile dansi la mchana, kila Jumapili, kiangazi chote. Masharti yake yalikuwa ya ajabu. Kila bendi ipige wimbo mmoja, yeye atembee kuteremka mlima kuelekea sokoni. Sauti itakayomfuata mbali zaidi ndiyo imeshinda.

Hakuna cha utamu wa solo. Ni kelele tu!

Anyandwile alinuna. Mimi nilifurahi.

Amplifaya yetu ilikuwa ya volti ishirini na nne. Nikaamua kuipa thelathini na sita, yaani betri tatu za lori mfululizo. Nilipojaribu, iliunguruma kama simba, lakini baada ya muda mfupi transista zilikuwa za kukaangia yai. Ninyi mnaita overvolting. Sisi tuliita kichaa.

Ambakisye akaniangalia kwa jicho la utundu. "Fundi, shida yako si joto tu?"

"Ndiyo."

"Mimi nina baridi."

Kumbe kazini kwao kulikuwa na mtungi mbovu wa nitrojeni, ile baridi kali ya kuhifadhia mbegu, unaopelekwa Iringa kutengenezwa. Mbegu zilishahamishiwa mtungi mwingine, na nitrojeni iliyobaki ilikuwa ya kumwaga. Bosi wake alisema imwagwe popote, mradi madirisha yawe wazi, mtu asiiguse, na mtungi ufike.

Sasa vijana, sikilizeni vifaa. Ninyi mnaagiza pot ya shaba kutoka nje. Mimi nilimwomba dada yangu sufuria ya ugali, nikafunga transista chini yake kwa skrubu. Thermal paste? Grisi. Kuzuia umande usilowanishe waya, nilipaka mafuta ya mgando yale ya kujipaka miguuni, nikazungushia blanketi. Betri tuliazima kwa dereva wa lori, na gharama yake ilikuwa magunia ya viazi na kumsifia lori lake njia nzima. Hilo la pili lilituuma zaidi.

Safari ikaanza. Kwenye kizuizi, askari akaona mtungi unafuka.

"Hicho nini?"

"Mtungi wa mifugo, afande," Ambakisye akajibu.

"Na hiki kinachotoka si moshi?"

"Ni moshi, afande."

Wakuu, siku zile moshi ndilo jina la gongo, pombe haramu!

"Kwa hiyo unakiri."

"Nusa kwanza, afande."

Askari akasogea, ukungu ukampiga usoni, akaruka nyuma ameshika pua. "Pombe gani haina harufu?"

"Ya ng'ombe, afande."

Akatutazama mmoja mmoja. "Nendeni. Lakini mtu asiinywe."

Iringa tukapokewa kwa "Kamwene!" nyingi na kejeli kidogo. Fundi wa Radi Jazz, anaitwa Longino, akaja kupeleleza. Tukamwambia mtungi ni wa mbegu za madume. Akaenda kutangaza ukumbi mzima kwamba Mawe Matatu wamekuja kupandisha. Hata akina mama waliokuwa wanauza ulanzi, pombe ya mianzi, nje waliacha biashara waje kutazama.

Radi Jazz wakapiga kwanza. Katibu akateremka mpaka kwenye bucha, akaweka jiwe pale sauti ilipokoma.

Zamu yetu. Nikamimina nitrojeni kwenye sufuria. Ukungu mweupe ukafurika, ukashuka jukwaani, ukatambaa kwenye miguu ya watu. Nusu wakakimbilia mlangoni wakiita majina ya watakatifu. Nusu wakapiga vigelegele, wakaingia kucheza humo humo.

Na sauti, wakuu! Vioo vilitetemeka. Betri zote tatu zinasukuma na amplifaya haipati joto kabisa. Nikapandwa na furaha, nikamimina tena. Na tena.

Ghafla, kimya.

Anyandwile akabaki anachuna nyuzi bila sauti, mdomo wazi. Nikawa kama namwona Tumpe anaondoka.

Aliyekuja kusaidia ni Longino. Akachungulia, akacheka. "Ndugu, haijaungua. Imeganda." Akaleta pasi ya mkaa waliyonyooshea suti zao, akaiweka karibu na sufuria.

Tukasubiri. Mara amplifaya ikarudi kwa kishindo, solo ya Anyandwile ikalipuka katikati ya ukumbi, mpaka mama mmoja akamwaga ulanzi wake.

Lakini Katibu alikuwa ameshaweka jiwe letu, hatua chache kabla ya bucha. "Sheria ni sheria," alisema. "Sauti iliishia pale."

Jumapili zikaenda kwa Radi Jazz. Longino akainunua amplifaya pamoja na sufuria yake, kwa bei nzuri. Anyandwile akanunua dume jingine, na ukweni akapokewa.

Hiyo mnayopenda kuita cold bug, mashine kugoma kwa baridi kupita kiasi, mimi nilikutana nayo kabla haijapewa jina. Funzo langu: baridi si mashindano. Mimina kidogo, subiri, sikiliza chombo chako kinasema nini.

Kabla hatujaondoka Iringa, tulipokuwa tunapakia, Katibu alituita pembeni.

"Ndugu zangu, sikukuu ijayo nitawaalika. Mje na ule moshi."

Anyandwile akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Tupige nyimbo ngapi?"

"Gitaa mnaweza kuliacha nyumbani."

Haya vijana, uwanja ni wenu. Nani kati yenu amewahi kugandisha mashine yake, na nyumbani mlisema nini?